Kiti cha Mpira cha Tata Mukalay

Katika kambi ya wachimba shaba ya Musonoi, Kolwezi, hakukuwa na mtu asiyejua Omer wa mama Kabedi ni mtu wa namna gani. Wanawake kwenye bomba la maji walijua. Watoto walijua, na walikuwa wamemtungia wimbo wa kumfuata nao hadi barabara kubwa. Barnabé, dereva wa mashine ya kupakia mawe katika shimo la Mashamba, alijua kuliko wote. Kila jioni aliporudi kazini, vumbi la shimo likiwa bado kwenye nyusi zake, alisimama katikati ya njia na kumuuliza Omer kama amekwisha kupata mume. Sauti yake ilifika hadi nyumba za mwisho, na watu wa nyumba za mwisho walicheka.

Lakini mama Kabedi alipotafuta mtu mmoja, mmoja tu, wa kuketi mbele ya mgeni na kusema kwamba anajua, kambi nzima ikawa haijui kitu.

Kabedi alikuwa mjane. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, naye akazaliwa hapohapo kambini, king'ora cha mgodi kikamfundisha saa kabla ya shule. Aliolewa na Mulumba, fundi wa nyaya za umeme unaotoka bwawa la Nzilo, mtu mpole ambaye hakuwahi kupandisha sauti kwa kuwa mkewe alipandisha ya wote wawili. Mulumba alipokufa, Kabedi aliuza samaki wadogo wakavu na unga wa mahindi, akamsomesha mtoto wake wa pekee hadi akaingia chuo kikuu cha Lubumbashi kusomea sheria. Aliwaambia wateja jambo hilo kila alipowapimia unga, hata wale ambao hawakuuliza. Hilo nalo hawakumsamehe.

Omer alirudi nyumbani katikati ya mwaka wake wa pili, bila sanduku. Wenzake wa bweni walikuwa wamemkuta na kijana mwingine. Waliwapiga wote wawili, wakatupa vitabu vya Omer dirishani. Habari ilifika Kolwezi kwa lori kabla yake. Kabedi alimwosha damu iliyokauka nyuma ya sikio, akamuuliza mara moja tu kama ni kweli, na Omer akasema ni kweli. Kabedi hakulipenda jibu lile, na hakulipenda hadi mwisho. Alikaa muda mrefu bila kusema naye ila habari ya chakula. Lakini alikuwa amemzaa baada ya kupoteza mimba nyingi, na hakuwa tayari kumpoteza huyu kwa sababu ya mdomo wa Barnabé.

Kambini hapakukalika. Jumapili moja, watu wakitoka misani, mtu alimrushia Omer jiwe la kijani la mgodini, likampasua juu ya jicho. Waliokuwa karibu waliangalia pembeni, kisha wakaendelea na habari zao.

Ndipo mwalimu mmoja Mbelgiji aliyemfundisha Omer alipomwandikia kuhusu chama kidogo cha mawakili wa kwao, wanaume wapendao wanaume na wanawake wapendao wanawake, ambao walikuwa wakichanga ili kuwasomesha sheria Ubelgiji vijana wa aina hiyo waliofukuzwa vyuoni. Omer aliomba nafasi. Akajibiwa kwamba wakili mmoja wa chama, bibi aitwaye Hilde, angepita Kolwezi msimu wa baridi. Angemsikiliza Omer mwenyewe, na angemsikiliza pia jirani mmoja asiye wa ukoo, aseme kwa kinywa chake yale anayoyajua. Chama kilikuwa kimekwisha kudanganywa. Kijana fulani wa Kinshasa aliapa kwamba yeye ni wa aina hiyo, wakampa nafasi, akashuka kwenye ndege na mke na watoto mapacha.

"Mutu mumoja tu," Omer alimwambia mama yake. "Kama hakuna, banapatia mwingine nafasi."

Kabedi alianza kwa Barnabé. Hakwenda kwa ujinga. Alifikiri kwamba mtu anayepiga kelele kila jioni hawezi kukosa maneno asubuhi. Barnabé alikuwa mmoja wa wale waliorudisha majina yao ya ubatizo mara tu serikali iliyoyakataza iliporuhusu tena, naye alilivaa lile jina kama koti jipya. Kabedi alimkuta anakula bukari, akamweleza yote. Barnabé aliacha kutafuna.

"Mi? Mi siyue kitu, mama."

"Unamuitaka mwanamuke kila siku mu njia."

"Ile ni kucheka tu."

"Basi kuya mbele ya ule muzungu, useme vile unachekaka."

Barnabé alitazama mlango, akatazama tonge lililokuwa mkononi mwake. "Mama Kabedi," alisema polepole, "nikisema ninayua, bataniuliza: weye uliyuaje?"

Chumbani mkewe alicheka, kisha akanyamaza ghafla.

Kwa wengine ilikuwa vilevile. Akina mama wa parokia walisema watamwombea. Katekista alisema mambo yale hayajawahi kutokea Musonoi, ingawa Jumapili iliyotangulia alikuwa ameyahubiri tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Mwanamke mmoja wa bombani, ambaye alikuwa amemkataza Omer kuchota maji kabla yake, aliapa kwamba hamfahamu kijana wa jina hilo. Kabedi alizunguka hadi viatu vyake vya plastiki vikakatika, akarudi nyumbani miguu mitupu.

Zamani asingezunguka. Zamani mtu aliyekuwa na jambo la namna hii alijua mlango mmoja wa kwenda, na Kabedi naye alikuwa na mlango wake. Ila alikuwa ameufunga mwenyewe.

Baba wa Mulumba na baba wa mzee mmoja wa kambi aitwaye Mukalay walifika mgodini katika kundi moja, mmoja kutoka Kasai, mwingine kutoka kaskazini ya Katanga. Siku mdogo wa baba yake Mukalay alipokufa, ukoo wao ukiwa mbali, baba wa Mulumba ndiye aliyemchimbia kaburi. Hapo ndipo nyumba hizo mbili zilipofunga utani, na watoto wakaurithi. Watu wa siku hizi wanadhani utani ni kuchekeshana. Mtani ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kukutukana mbele za watu, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Anaingia kwako, anabeba anachotaka, nawe huwezi kukidai bila kumlipa kitu anachokitaka yeye. Ukiwa na aibu ambayo hakuna awezaye kuitaja, yeye anaitaja kwa kelele hadi inachakaa, na mtu mwingine akijaribu kuitaja, anagombana naye. Ukifa, yeye anakuosha, kisha anavaa nguo yako katikati ya kilio na kutembea kama ulivyotembea, ili wafiwa wacheke kidogo kabla ya kulia tena. Kitu kimoja tu kimekatazwa kati ya watani, nacho ni adabu. Mtu akimwambia mtani wake tafadhali na asante, amemwambia kwamba utani umekwisha.

Mulumba alipokufa, Mukalay alimwosha. Kisha akaingia kwenye kilio amevaa kofia ya kazi ya marehemu, akamwigiza anavyopanda nguzo ya umeme juu kabisa kwa kumwogopa mkewe aliyeko chini. Wazee kadhaa walicheka, wakafuta macho. Lakini wajomba wa Kabedi walikuwa wamefika kutoka mjini, watu wa kanisa jipya la maombi, wamevaa tai, wakauliza mlevi huyu ni nani anayemtukana marehemu. Kabedi alijua kwamba hakuwa mlevi. Alijua kila kitu. Lakini aliona haya mbele ya zile tai, akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. Vijana wakamshika Mukalay mabega, wakamtoa nje, na ile kofia ikabaki sakafuni. Tangu siku ile Mukalay hakupita tena mbele ya nyumba yake.

Basi Kabedi alivaa kitenge chake kizuri, akaenda.

Mukalay alikuwa mpiga baruti aliyestaafu. Aliketi mbele ya mlango wake kwenye kiti kilichojulikana kambi nzima. Miguu ya kiti ilikuwa mabomba ya chuma yaliyokunjwa, na pa kukalia na pa kuegemea palikuwa pa mpira mweusi uliokatwa kwenye ule mkanda mkubwa unaobeba mawe mgodini. Alikitengeneza mwenyewe alipoacha kazi, na juu yake alikaa akilaani kila kitu kilichopita, vijana, redio, unga wa siku hizi, mazishi ya siku hizi.

"Jambo, tata," Kabedi alisema, akimwita baba kwa heshima, akakunja goti. Alimwomba radhi kwa habari ya siku ile ya kilio. Alimweleza habari ya Omer na ya mgeni. Alimwomba, tafadhali, amsaidie.

Mukalay alimsikiliza hadi mwisho bila kumtazama.

"Umemaliza? Ile heshima yote, peleka kwa chef, ule mukubwa wa kambi, ye anaipenda. Mama mwenye heshima akiniomba kitu, niko na ruhusa ya kukataa. Ninakataa."

Akaongeza kwamba kijana mwenyewe hampendi, hakuwahi kumpenda, na mambo yale yanamchefua. Alisema Mulumba hakupanda nguzo maisha yake yote ili mwanawe aje kuzima taa ya nyumba. Kabedi aliondoka masikio yakiwaka moto. Alikuwa amekwisha kupita nyumba nyingi ndipo akaelewa alichoambiwa, akasimama katikati ya njia, akafunga kitenge upya kiunoni kama mwanamke anayekwenda kulima.

Alirudi. Mukalay alikuwa ameinuka kwenda nyuma ya nyumba. Kabedi hakupiga hodi. Alikinyanyua kile kiti, kizito vile, akajitwika kichwani, akapita nacho katikati ya kambi mchana kweupe, akitangaza kila nyumba.

"Mumwambie Mukalay, matako yake ilikuwa imelala, nimeiamsha. Akitaka kiti, akuye na yale meno yake mawili, tuone kama angali na miguu."

Watu walitoka nje. Walisema mama wa Omer amerukwa na akili, na kwamba ugonjwa ule kumbe unatoka kwa mama.

Mukalay alikuja kabla ya king'ora cha jioni. Alisimama nje ya ua, akaanza. Alimtukana Kabedi pua, akatukana samaki wake kwamba hata paka wa Kasai wasingewagusa, akatukana unga wake, akamtukana kwa jinsi alivyonenepa juu ya kifo cha mumewe. Kabedi alimjibu, yeye ameketi juu ya kiti, miguu ameinyoosha. Majirani walikusanyika wakitumaini watapigana. Hakuna aliyeona kwamba yule mzee alikuwa akitukana kwa raha, kama mtu anayekunwa mgongo baada ya miaka mingi.

"Kiti bei gani?" Mukalay aliuliza alipoishiwa pumzi.

"Kinywa chako."

"Kile kitoto chako sikipendi."

"Nani alikuomba ukipende?"

Mukalay alitema mate pembeni. Aliuliza yule mgeni anafika lini.

Bibi Hilde aliwapokea katika nyumba ya wageni mjini, chumba chenye meza ndefu na pazia la kijani. Alikuwa mtu mzima mwenye macho ya upole, amechoka na barabara. Alikuja na mkalimani, binti aitwaye Valérie, aliyezaliwa Kinshasa na kujifunza Kiswahili ukubwani. Mukalay alikuwa amevaa koti lake la kuagia kazi. Kifaransa alikijua, alikuwa amejifundisha mwenyewe, jioni baada ya jioni, kwa magazeti yaliyofungiwa mikate na vitabu vilivyoachwa na walimu waliorudi kwao. Lakini alisema atazungumza Kiswahili, kwa kuwa maneno anayoyaleta hayasemwi kwa lugha ya wakubwa wa kazi. Valérie alitabasamu akidhani ni haya ya mzee asiyesoma.

Hilde aliuliza kama anamfahamu kijana huyu. Mukalay alimtazama Omer, aliyekaa pembeni ya mama yake, kovu bado jekundu juu ya jicho.

"Huyu? Ninamuyua tangu kitovu. Huyu ni mwanamuke mwenye ndevu. Benzake balikuwa banapiga mupira, ye anaangalia kama soksi zao ziko safi. Kule chuo bamemukuta na mwanaume mwenzake, ni kweli, bantu bote banayua, na mi ninasema ni aibu. Ningekuwa baba yake, ningekufa mara ya pili."

Valérie alitafsiri. Kila sentensi iliufanya uso wake kuwa mgumu zaidi. Kabedi aliuma mdomo asicheke, na aliona kwamba Omer naye, kwa mara ya kwanza tangu arudi, alikuwa karibu kucheka.

"Ninamutukana tangu azaliwe," Mukalay aliendelea, sasa akimwangalia mgeni usoni, "na nitamutukana mpaka nife, na nikikufa, anitukane ye. Hii tusi ni yangu. Baba yangu aliniachia. Bale bengine ba Musonoi beko bezi, banatumia kitu cha mwenyewe. Barnabé anamutukana na ruhusa ya nani? Mumuchukue, asome, arudi avocat, wakili mukubwa, nimutukane na ile kanzu nyeusi."

Valérie hakuwahi kuishi penye watani. Alichukua alichoweza kuchukua. Alisema kwamba mzee huyu anakiri kumtukana kijana tangu utotoni, kwamba ataendelea hadi kufa, kwamba anaona ni haki aliyorithi kwa baba yake, na kwamba anataka aondolewe hapa. Wezi na Barnabé hawakuingia katika Kifaransa chake.

Hilde aliweka kalamu chini. Alimwambia Mukalay, polepole, kama mtu anayejizuia, kwamba chama chao kipo kwa sababu ya watu kama yeye. Alimuuliza kama haoni haya, mzee wa umri wake, kumtesa mtoto wa jirani, yatima. Kisha akamgeukia Omer, sauti yake ikalainika, akamuuliza kama hivi ndivyo anavyoishi kila siku.

Mukalay alikuwa ameelewa kila neno kabla Valérie hajafungua kinywa. Alimgeukia Omer, akangoja. Kijana alikijua Kifaransa kuliko wote waliokuwamo, na utani aliujua; alikuwa ametukanwa na huyu mzee tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, akapewa muwa kila alipotukanwa. Sentensi mbili zingetosha.

Kabedi naye alimwangalia mwanawe. Alifikiri haraka, kama alivyofikiri sokoni. Omer akisema kwamba mzee huyu ndiye mtu wao, bibi atauliza basi wanaokutesa ni nani, na yuko wapi mmoja wao aje aseme. Na hapakuwa na mwingine. Milango yote alikuwa ameipiga. Hapa mezani bibi alikuwa amekwisha kuamini, amekwisha kukasirika, na hasira yake ndiyo ilikuwa tiketi.

Kabedi alitikisa kichwa kumkataza, kidogo sana. Hilde hakuona. Valérie hakuona. Omer aliona, na Mukalay aliona.

"Ndiyo, madamu," Omer alisema kwa Kifaransa. "Kila siku."

Mukalay aliinuka. Alitafuta kofia yake, akaifuta kwa kiwiko, akawaaga mabibi wale kwa Kifaransa kilichonyooka kuliko cha mkalimani, hata Valérie akabaki mdomo wazi. Akatoka. Walimwona dirishani akivuka barabara katikati ya malori, anarudi Musonoi kwa miguu.

Omer alipata nafasi. Aliondoka kabla ya mvua, na hakwenda kumuaga Mukalay. Alisema ataandika. Barnabé alitangaza kwamba Wazungu wamenunua mwanamke bila mahari. Wimbo wa watoto ulibadilishwa jina, sasa ukamfuata Kabedi anapokwenda sokoni, na hapakuwa na mtu wa kuwauliza wameuimba kwa ruhusa ya nani.

Kiti kilibaki kwake. Kabedi hakukikalia. Alikiweka karibu na mlango na kila jioni alisikiliza kama kuna mtu anatukana nje ya ua. Kinywa alikuwa amekwisha kulipwa, kiti kilikuwa cha kurudishwa, na kazi ya mwenye kiti ilikuwa kuja kumwita mwizi. Hakuja. Mvua ya kwanza ikanyesha, vumbi likawa tope jekundu, bado hakuja.

Mwishowe Kabedi alijitwika kile kiti, akapita nacho njia ileile, akaanza kutukana tangu mbali ili asikike. Alisema Mukalay ni mzee aliyesahauliwa na wachimba kaburi. Alisema baruti ilimla akili, ikamwachia masikio tu. Wanawake wa bombani waligeuka kumtazama.

Mukalay alikuwa ameketi juu ya kreti la bia mbele ya mlango. Alipomwona, aliinuka. Akakipokea kiti kwa mikono miwili, akakifuta maji kwa mkono wa shati, akakiweka chini taratibu. Hakukikalia. Alikigeuza upande wa Kabedi.

"Aksanti sana, mama," alisema. "Karibu. Mutoto iko salama kule ng'ambo?"

Kabedi alimwita mbwa. Alimwita mwizi wa maiti. Alitukana ukoo wake hadi kwa yule aliyechimbiwa kaburi na baba wa Mulumba, akatukana meno yake, akatukana koti lake la kuagia kazi, hadi sauti ikamkatika na akabaki anapumua tu, mikono kiunoni. Mukalay alimsikiliza, kofia mkononi, kama mtu anayemsikiliza mke wa mkubwa wa kazi.

"Tafadhali, mama," alisema. "Uketi, umechoka."

Kabedi akaketi. Mpira ulikuwa bado na baridi ya mvua. Walizungumza kidogo kuhusu unga, na kuhusu maji yalivyopanda huko Nzilo, kisha akaaga, na Mukalay akamsindikiza hadi njiani, kama inavyompasa mtu mwenye adabu.